Kutengeneza na kuvisha mdoli wa kauri ukiwa Nairobi: mwongozo kamili

Anayetaka kuanza kazi ya midoli ya kauri huulizia tanuri kabla ya kitu kingine chochote. Swali hilo liweke kando kwanza. Hapa Nairobi kitambaa, uzi, nywele za kusukia na mafundi wa cherehani vimejaa. Kilicho adimu ni tanuri la umeme linalofika nyuzi 1,220 za Selsiasi, pamoja na mwenyewe atakayekubali uweke vichwa vyako humo. Kwa hiyo ninakushauri ujifunze kazi hii kinyumenyume: anza na nguo na mwili kwa kutumia kichwa kilichokwisha kuchomwa, kisha nywele, kisha rangi za uso, na kumimina udongo kuje mwisho. Ukifika huko utakuwa unajua kichwa kizuri kinahitaji nini, na hutapoteza udongo wa bei ghali kwa kubahatisha.

Kauri ya midoli ni mchanganyiko wa udongo mweupe wa kaolini na madini ya feldspa na kwatzi. Usoni haipakwi glezi, lile tabaka la kung'arisha kama kioo, ndiyo maana haing'ai kama sahani bali hubaki na utulivu wa ngozi. Kazi hii ilishamiri katika karne ya 19 huko Thuringia, Ujerumani, na nchini Ufaransa, ambako kiwanda cha Jumeau kilipata medali ya dhahabu kwenye Maonyesho ya Paris ya 1878. Sehemu kubwa ya wanaoifanya leo nyumbani bado wanafuata hatua zilezile, tofauti kubwa ikiwa ni tanuri la umeme badala ya la kuni au makaa.

Kichwa cha kwanza: tafuta mtumba

Pitia Gikomba au soko la Toi, kwenye meza za vitu vya watoto na mapambo ya nyumba. Midoli ya kauri iliyotengenezwa kwa wingi miaka ya 1980 na 1990 hutokea humo, mara nyingi ikiwa na nguo zilizofifia na nywele zilizoshikana. Hiyo ndiyo unayotaka.

Kuitambua ni rahisi. Igusishe shavuni: kauri ni baridi na hukawia kupata joto, plastiki hupata joto upesi. Igonge polepole kwa ukucha, sauti ya kauri ni nyembamba na kali. Kisha, kama wigi limelegea, washa tochi ya simu ndani ya kichwa chumba kikiwa na giza. Ufa mwembamba usioonekana kwa nje utajitokeza kama mstari mweusi. Ufa wa kisogoni unaofichwa na nywele unavumilika. Ufa unaoelekea jichoni achana nao.

Angalia pia nyuma ya shingo. Ukikuta maandishi yaliyochapwa kwenye udongo wenyewe, kwa mfano Armand Marseille au herufi A.M. pamoja na namba kama 390, simama hapo. Hicho ni kichwa cha Kijerumani cha zamani, kina thamani kwa wakusanyaji, na hakifai kufanyiwa majaribio. Kisafishe vumbi tu.

Kabla ya kuvua nguo, piga picha kila tabaka mbele na nyuma. Nguo kuukuu usiitupe hata kama imeoza: ifumue mishono, ipige pasi, nawe utakuwa umepata kielelezo cha kukatia bila kulipa senti. Uso ufute kwa pamba iliyoloweshwa maji na sabuni kidogo. Rangi ikitoka kwa maji, basi haikuchomwa, ilipakwa tu juu. Jua hilo mapema.

Mwili wa amerikani

Kuna miili ya aina nyingi, lakini wa kuanzia ni wa kitambaa, wenye kifua cha kauri kilichoungana na shingo, pamoja na mikono na miguu ya kauri kuanzia viwiko na magoti. Kifua hicho huwa na matundu pembeni ya kupitisha uzi.

Nunua amerikani nzito, ifue kwa maji ya moto na uipige pasi kabla ya kukata, kwa sababu itanywea. Kwa urefu, pima kichwa kutoka kidevuni hadi utosini: mdoli wa mtoto hupendeza ukiwa na urefu wa vichwa vitano hivi, wa mtu mzima sita na nusu hadi saba. Chora kiwiliwili cha vipande viwili, mbele na nyuma, na mirija minne ya mikono na miguu. Shona kwa mshono mfupi wa milimita 2 au pungufu. Mshono mrefu utaachia ukianza kushindilia.

Mkono wa kauri una mfereji kwenye ukingo wake wa juu. Geuza mrija wa kitambaa ndani nje, uingize mkono humo vidole vikielekea ndani, ukingo wa kitambaa ulingane na ukingo wa kauri, kisha funga kwa uzi uliopakwa nta ukizungusha mara kadhaa juu ya mfereji na kukaza. Ukiugeuza mrija tena, fundo linabaki ndani na mkono unachomoza safi. Wengi hupaka gundi hapa. Uzi uliokazwa vizuri unatosha, na siku moja utakapotaka kufumua utashukuru hakuna gundi.

Jaza kwa sufi kama unaipata kutoka pwani, au kwa nyuzi za kujazia mito. Tumia kijiti butu na vipande vidogo vidogo. Bonge moja kubwa huacha mashimo. Makalioni tia kifuko cha mchanga laini uliooshwa na kukaushwa kabisa, ili mdoli ukae bila kuanguka. Malizia kwa kushona kifua cha kauri juu ya mabega kupitia yale matundu, uzi ukiwa umekaza lakini usikwaruze ukingo.

Nguo, na balaa la vipimo

Mdoli mzuri huharibiwa na kitambaa kikubwa kuliko wenyewe. Mdoli wa sentimita 45 ni kama robo ya mwanamke wa kawaida kwa urefu, maana yake ua la sentimita 4 kwenye kitenge litaonekana kifuani mwake kubwa kama sinia. Kanuni yangu: ua, doa au mraba usizidi ukubwa wa jicho la mdoli. Hiyo inaondoa vitenge vingi vya dukani na karibu shuka zote za Kimaasai. Ukitaka shuka, tafuta kitambaa cha shati chenye miraba midogo myekundu na nyeusi. Kikoi husaidia zaidi kwa sababu baadhi vina mistari myembamba; kata upande wenye mistari hiyo na uache mapana.

Leso ndiyo inayowashinda wengi. Huwezi kukata kipande cha kanga ya kweli, kwani ukichukua pindo unakosa mji, yaani sehemu ya katikati, na ukichukua mji unakosa pindo. Kanga ina takribani sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo ya mdoli wa sentimita 45 itakuwa kama 40 kwa 30. Kitambaa cha mkono chenye ukingo wa rangi kinakaribia kabisa kipimo hicho, na tayari kina pindo pande zote nne. Ukate upana kidogo na kuunganisha upya ukingo, kisha andika jina, yaani yale maneno ya kanga, kwa kalamu nyembamba ya kitambaa mahali pake, juu ya pindo la chini. Maneno mawili matatu yanatosha. Sentensi ndefu itakulazimu uandike herufi zisizosomeka. Piga pasi upande wa nyuma ili wino ushike.

Kwa gauni na nguo za ndani, chagua pamba nyembamba: lawni, vali, shashi ya pamba, au shati kuukuu la mtumba lililolainika kwa kufuliwa. Hariri halisi ni nzuri pia. Satini ya plastiki inang'aa mno, inafumuka kingo na haikubali kulala. Huvimba kiunoni hata ufanye nini. Biashara Street na maduka ya Eastleigh yana vitambaa vya kutosha, na lesi nyembamba na vifungo vidogo utavipata ukizunguka River Road. Lesi isizidi upana wa sentimita moja na nusu. Vifungo vya milimita 4 au 5 vikikosekana, tumia shanga bapa na vitanzi vya uzi.

Rangi za kitenge hutoka, na zikitoka zitatia doa amerikani ya mwili bila kufutika. Loweka kitambaa, suuza mpaka maji yabaki meupe, kausha, piga pasi, ndipo ukate.

Kielelezo utakitengeneza juu ya mdoli wenyewe. Ukiwa na karatasi laini ya jikoni, ifunge kifuani, bana kwa pini penye mikunjo, chora mstari wa bega, kwapa, kiuno na ubavu, kisha kata. Ongeza milimita 5 ya mshono kila upande. Shona kwanza kwa kitambaa cha bure na uvalishe. Sketi ya kukunja iwe na upana mara mbili hadi mbili na nusu ya kiuno. Zaidi ya hapo kiuno kinanenepa.

Kuna jambo ambalo fundi wa nguo za watu hulisahau, nalo ni kwamba mkono wa kauri haujikunji na vidole vimetawanyika. Gauni lazima lifunguke mgongoni mpaka chini ya kiuno, na mkono wa gauni uwe mpana kidogo. Kabla ya kuuvalisha, funika vidole kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki ili kitambaa kiteleze, kisha ukivute. Usiwahi kulazimisha. Kidole cha kauri kikivunjika hakirudi.

Mpangilio wa kuvisha ni suruali fupi ya ndani, shumizi, gagulo, ndipo gauni. Wengine huruka gagulo kwa kuwa halionekani. Sketi bila gagulo hulala kwenye miguu na kuonyesha umbo la mrija wa kitambaa, na kazi yote ya juu inapotea.

Ukitaka mdoli wa hapahapa jijini usiofanana na wa mtu mwingine, mvalishe sare ya shule. Sweta linatoka kwenye jozi ya soksi nyembamba za rangi moja: ile sehemu ya mbavu ya juu ya soksi inakuwa upindo wa chini wa sweta, sehemu ya mguu inakuwa kiwiliwili, na soksi ya pili inatoa mikono. Piga mshono wa zigizaga pande zote mbili za mstari wa kukatia kabla ya kukata, la sivyo itafumuka mikononi mwako. Viatu vyeusi hukatwa kwa ngozi nyembamba. Kariokor kuna mafundi wa viatu vya ngozi, na mabaki yao yanatosha kabisa kwa mguu wa sentimita 5.

Nywele

Ulaya walitumia mohea, manyoya ya mbuzi wa Angora. Sisi tuna Dubois Road na maduka yake ya nywele. Chagua nywele za kusukia zilizo nyembamba na zisizong'aa sana. Funika kichwa kwa plastiki ya jikoni, tandaza juu yake kitambaa chembamba kilicholowa gundi ya maji, kaza kwa lastiki na uache kikauke. Hicho ndicho kikofia cha wigi. Juu yake shona au gundisha nywele kwa mistari, ukianzia chini kisogoni na kupanda.

Msuko wowote, uwe rasta, mistari au wa uzi, usukwe kabla wigi halijafika kichwani. Ncha zichovye kwenye maji ya moto kama wafanyavyo saluni, ukishika wigi mkononi, mbali na mdoli. Mistari inakuwa safi zaidi ukiishona moja moja kwenye kikofia badala ya kujaribu kusuka nywele zilizokwisha kugundishwa.

Rangi ya uso

Sasa unahitaji tanuri, lakini la joto la chini. Rangi za kauri ni unga unaochanganywa na mafuta, na huchomwa kwenye nyuzi 700 hadi 740 hivi, joto ambalo wafinyanzi wengi wenye tanuri la umeme hulivuka kila wiki. Uliza kwenye karakana za ufinyanzi na idara za sanaa za vyuo kama watakukodishia nafasi.

Mafuta ya kuchanganyia mojawapo ni mafuta ya karafuu, na hayo kutoka Pemba yanapatikana kwa urahisi. Hukauka polepole, kwa hiyo una muda wa kusahihisha. Saga unga na mafuta kwa kisu bapa juu ya kigae mpaka usisikie chembe. Baadhi ya rangi hizi zina madini ya risasi au kadmiamu, ambayo ni sumu: usile ukiwa kazini, usilambe brashi, na meza ya chakula isitumike kabisa.

Futa uso kwa spiriti, na kuanzia hapo ushike kwa glavu ya pamba; mafuta ya kidole huacha alama. Mchomo wa kwanza ni wa wekundu wa mashavu, unaopakwa mwembamba sana na kupapaswa kwa sponji hadi usione mwisho wake, pamoja na mistari ya kwanza ya nyusi na kope. Mchomo wa pili ni wa midomo na kuongeza nyusi. Wa tatu ni wa marekebisho. Rangi nzito ya mara moja huvimba na kubanduka, tabaka jembamba la mara tatu linadumu. Kope zipigwe kwa brashi namba 000, kila moja kwa mkupuo mmoja kutoka ukingoni kwenda nje.

Mafunzo mengi yameandikwa kwa uso mweupe, na ukiyafuata kwenye uso wa kahawia utapata mdoli uliokunja uso. Rangi hizi zinapitisha mwanga, kwa hiyo waridi hafifu hupotea kabisa juu ya kahawia, au hugeuka kijivu. Mashavu yatumie nyekundu ya tofali, midomo nyekundu iliyochanganywa na kahawia, na mstari wa katikati ya midomo uwe mweusi kidogo kuliko midomo yenyewe. Nyusi zisiwe nyeusi tupu; kahawia iliyokolea inaonekana hai.

Ngozi yenyewe hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kununua udongo uliokwisha kutiwa rangi kwa oksidi, ambao ni wa kahawia hadi ndani na haubanduki. Au unamimina udongo mweupe na kuupaka kahawia kwa tabaka na kuchoma. Njia ya pili ina kazi zaidi, lakini mimi naipendelea kwa sababu viganja na nyayo unaweza kuziacha nyepesi na vifundo vya vidole kuvikoleza, jambo ambalo udongo wa rangi moja haukupi.

Kama tanuri halipatikani kabisa, rangi za akriliki na vanishi isiyong'aa zitakupa uso wa kujifunzia. Hazidumu na hazivumilii kufutwa.

Kumimina

Kichwa hutoka kwenye kalibu ya plasta, ambayo wengi huiita moldi, yenye vipande viwili vinavyokutana nyuma ya masikio. Kununua kalibu kutoka nje ni ghali kwa sababu ya uzito. Ukitengeneza mwenyewe, finyanga kichwa kwa plastisini na uhakikishe hakuna sehemu iliyojikunja ndani ambayo plasta itaishika. Uwiano ni gramu 100 za plasta kwa gramu 70 za maji. Nyunyizia plasta ndani ya maji, si maji ndani ya plasta, iache inywe kwa dakika 2, koroga polepole bila kutia hewa, mimina. Kati ya kipande na kipande paka sabuni laini. Kausha kwa wiki moja au zaidi, Julai ikibidi mbili, na joto lisizidi nyuzi 50. Maji ya plasta yasimwagwe kwenye sinki, yataganda ndani ya bomba.

Uji wa kauri, yaani udongo wa kauri uliochanganywa na maji, uwe na uzito wa mala. Uchuje kwa soksi ya nailoni, uache utulie, kisha umimine kwenye kalibu kwa mkondo mmoja usiokatika; ukisita, mstari utabaki shavuni. Plasta hunyonya maji na ukuta hujijenga. Ongeza uji kadiri unavyoshuka. Baada ya dakika 3 hadi 5 angalia mdomo wa kalibu: ukuta ukifika milimita 3 hivi, mwaga uliobaki polepole, maana ukimwaga kwa kishindo hewa huvuta uso kwa ndani.

Kichwa kikishakuwa kigumu kama ngozi, fungua kalibu, kata utosi, toboa matundu, na fungua macho kwa udogo kuliko unavyotaka. Acha kikauke siku kadhaa. Kisha tafuta mchomo mdogo wa nyuzi 700 hivi. Baada ya hapo kinaweza kulowekwa na kusafishwa majini: mstari wa kalibu, kingo za macho, pua. Unaweza kusafisha kikavu pia, lakini vumbi la kauri lina silika na huharibu mapafu kwa namna isiyopona. Safisha kwa maji, vaa barakoa, na usifagie meza. Ifute kwa kitambaa kibichi.

Tanuri la joto kubwa

Mchomo wa joto kubwa ni wa koni namba 6 (koni ni kipimo cha joto la tanuri), nyuzi 1,220 hivi. Muulize mwenye tanuri hili kabla ya kubeba chochote, kwa sababu matanuri mengi ya vigae na vyungu huishia chini ya hapo, na kauri isiyoiva hubaki ya chaki na hunyonya uchafu. Kwa anayetaka kununua lake: soketi ya kawaida ya ampea 13 inabeba kama kilowati 3 tu, kwa hiyo ni tanuri dogo la kichwa kimoja kimoja. Kubwa zaidi lina waya wake na swichi yake, na kazi hiyo ni ya fundi wa stima aliyesajiliwa.

Kauri hulainika motoni, kwa hiyo kichwa kikae wima juu ya mchanga laini wa silika, na vipande visigusane. Panda polepole mwanzoni ili unyevu utoke, na kuwe na utulivu karibu na nyuzi 573, ambapo kwatzi hubadilika umbo, wakati wa kupanda na wa kushuka. Usifungue kabla joto halijashuka chini ya 100.

Kitakachotoka ni kidogo kuliko ulichoingiza, kati ya asilimia 12 na 20 kulingana na udongo. Ndiyo maana mwili, macho na wigi havipimwi kabla ya mchomo huu. Kisugue kwa msasa wa maji, namba 220 kisha 400, hadi kiwe laini kama unavyotaka ngozi iwe, kisha nenda kwenye rangi.

Macho ya glasi au akriliki huingia baada ya michomo yote. Yapime kwa milimita dhidi ya tundu, yashike kwanza kwa nta kutoka ndani, ugeuze kichwa kuona kama yanatazama sehemu moja ukiwa mbali na karibu, ndipo uyafungie kwa plasta nyepesi. Plasta ikikauka ziba utosi kwa kizibo cha gamba au kadibodi ngumu, na wigi libandikwe juu yake kwa gundi kidogo, ili macho yakilegea uweze kulifungua tena.